Pumzi Saba Bila Betri

Nina swali, na afadhali niliulize mapema kabla maneno hayajanipoteza njia: kifaranga anapotolewa betri, anakuwa wapi? Sizungumzii betri iliyokwisha. Ikiisha tunajua mambo yake. Anafifia kwenye kioo, vinabaki vitone viwili vya macho, halafu hata hivyo vinaondoka, watu wanalia kidogo na kurudi jikoni. Nazungumzia pale katikati. Betri ya zamani imeshatoka, mpya haijaingia, na yeye bado hajafa, maana ukiitia mpya haraka anarudi vile vile alivyokuwa, na njaa yake ile ile. Basi muda huo alikuwa wapi? Nimewauliza watu wengi. Wengine wameniambia alikuwa usingizini. Mmoja aliniambia niache kuvuta bangi. Mimi hata sigara sivuti.

Kwa mgeni wa mji huu nieleze kidogo. Hapa kila mtu ana yai. Ni yai la plastiki, linaenea kwenye kiganja, lina kioo kidogo cha rangi ya jivu na vitufe vitatu chini yake, na ndani ya kioo anaishi kifaranga aliyechorwa kwa vitone vyeusi. Tunamwita kifaranga ingawa wengine wana masikio marefu, na mmoja ninayemfahamu ana mkia wa samaki. Kitufe cha kwanza unamlisha. Cha pili unamsafisha akijichafua, naye hujichafua sana. Cha tatu unacheza naye. Ukimsahau nusu siku anaugua. Ukimsahau siku nzima anaota mabawa na kupaa mpaka anatoka nje ya kioo, na hapo ndipo majirani wanakuja kukupa pole. Siku moja yetu ni mwaka mmoja wake. Akifika miaka tisini na tisa namba inagota, kwa kuwa kioo hakina nafasi ya tarakimu ya tatu. Anaendelea kuishi lakini hahesabiwi tena, na nimeona wengi wakinenepa baada ya hapo.

Mimi ni mbadilishaji betri. Watu huniita Fundi. Nilikuwa na jina jingine. Nadhani nililitumia mpaka likaisha, au kuna mtu nilimwazima akasahau kulirudisha. Siku nyingine naamka nikiwa mzee mwenye mvi, siku nyingine mama wa makamo mwenye kitambaa kichwani, na wateja hawaoni tofauti mradi bisibisi iko mkononi. Zamani jambo hili lilinisumbua. Sasa naangalia tu viatu vilivyoko mlangoni, navaa vinavyonitosha, naenda kazini.

Kazi yangu ni ya asubuhi, na hapo kuna kisa. Mayai yalikuja kwenye maboksi, na ndani ya maboksi mlikuwa na karatasi ya maelekezo kwa lugha ambayo hatukuijua, ila michoro tuliielewa. Mchoro wa kwanza: tia betri. Wa pili: weka saa. Tukaweka saa, na hapo tukafanya kosa ambalo ni sisi tu tungeweza kulifanya. Waliotengeneza mayai huanza kuhesabu saa usiku wa manane, wakati hakuna mtu macho wa kuhakikisha. Sisi tunaanza jua likichomoza, kama watu wenye akili zao. Basi asubuhi, saa moja tangu jua litoke, tukaandika moja. Yai likaamini kwamba ni usiku mkubwa, likazima taa, kifaranga akalala fofofo. Akaja kuamka saa saba mchana, akidai kifungua kinywa.

Tungeweza kuyarekebisha mayai. Ilikuwa kazi ya kusogeza namba sita mbele. Badala yake tukajirekebisha sisi. Soko likahamia saa saba, shule ikahamia saa nane, maharusi wakaanza kuingia ndani alfajiri. Asubuhi ikabaki haina mwenyewe, jua linawaka juu ya barabara tupu na kuku wanatembea katikati yake kwa madaha. Hakuna aliyetuamuru, ndiyo maana hakuna wa kumlalamikia. Nimefikiri sana juu ya hili na naona mamlaka mengi duniani huanza hivi hivi: mtu anaweka saa vibaya siku ya kwanza, halafu kila mtu anaona haya kuwa wa kwanza kusema. Baadaye wanazaliwa watoto, wanaambiwa mchana ndiyo asubuhi, na wao wanaandika hivyo kwenye madaftari yao.

Mimi nafaidika. Vifaranga wakilala ndipo betri hubadilishwa vizuri, kwa hiyo asubuhi yote ni yangu na ya kuku.

Betri yenyewe ni ile ya saa ya mkono, ndogo kuliko kifungo cha shati. Watu hudhani inamalizwa na kula kwa kifaranga. Sivyo. Kula hakuimalizi, kulala hakuimalizi, hata kucheza huchukua kidogo sana. Kinachoimaliza ni kulia. Kile kilio chake kidogo, pii pii pii, ndicho kinachonyonya umeme kupita vyote, kwa hiyo kila anapoomba asife anajipunguzia muda wa kuishi. Nilipoligundua hilo mara ya kwanza niliweka bisibisi chini, nikatoka nje, nikasimama na kuku mpaka moyo ukatulia. Wapo wanaozima sauti kabisa. Mayai yao hudumu, lakini ndani yake kuna viumbe wanaofungua na kufunga midomo siku nzima bila kusikika, na sijui kama huko ni kudumu.

Sasa, ndani ya kila yai, chini ya kibao cha shaba, kuna kijidude chekundu kisichozidi punje ya mtama. Kazi yake ni kubaki na umeme kidogo wakati betri haipo. Kinautunza kwa pumzi saba za mtu aliyetulia. Ukizidisha, yai linasahau kila kitu. Mimi najua hivyo. Lakini mji mzima unaamini jambo jingine: kwamba kinachomshikilia kifaranga wakati ule ni jina lake. Ndiyo maana mwenye yai haruhusiwi kuniachia na kwenda zake. Lazima asimame mbele ya meza yangu na, mara tu betri inapotoka, aanze kuliita jina bila kukatiza mpaka kioo kiwake. Tunaita kushika jina. Wenye yai wakiwa wawili, wote wawili hushika, kwa sauti moja. Sijawahi kuwabishia. Nimeona wanaume wakubwa wakiita "Kidevu, Kidevu, Kidevu" huku jasho linawatoka, na siku hizo mkono wangu haukutetemeka hata kidogo.

Saa nne asubuhi, siku ninayoisimulia, aliingia Bi Mize binti Pandu, mshona nguo, na yai kalifunga kwenye pindo la kanga. Hatua ishirini nyuma yake alikuja Bwana Ngwali, fundi seremala, mikono mfukoni, akijifanya anapita tu, ingawa katika mji wetu hakuna mtu anayepita tu asubuhi. Hawa walikuwa mke na mume. Miaka mitatu iliyopita waligombana, na hakuna aliyejua kwa nini, wakajenga ukuta katikati ya nyumba. Bwana akabaki na jiko, bibi akabaki na bomba la maji. Wakaacha tundu moja kwenye ukuta, la kupitisha yai. Saa saba mchana yai lilitoka upande huu kwenda ule, na kesho yake likarudi. Pale kwenye tundu waliruhusiana kusema habari za kifaranga tu. Amekula. Hajala. Amejichafua mara mbili. Zaidi ya hapo hawakusemezana neno, na hata nje walisemeshana kupitia watu.

"Fundi," Bi Mize alisema, "mwambie huyu bwana asimame kule mlangoni. Ananizibia hewa."

"Bwana Ngwali—"

"Nimesikia, Fundi. Mwambie huyu bibi hewa haikugawiwa pamoja na bomba."

Nililipokea yai. Kioo kilikuwa kimefifia mno. Kifaranga alionekana kwa shida, amelala kwenye kona, umri tisini na tisa. Walikuwa wameleta yai hili kwangu mara nyingi, kila mmoja kwa zamu yake na kwa siri, kinyume cha desturi. Mize alikuja akashika jina la Tufaha. Ngwali alikuja akashika jina la Sajenti. Kiumbe ni yule yule, majina mawili, na kila mara alirudi, jambo lililonitia mashaka kuhusu hii elimu ya majina. Lakini mara ya mwisho alirudi na madoa. Kile kijidude chekundu kilikuwa kimechoka. Nikawaambia, kila mmoja peke yake, kwamba safari ijayo mje wote wawili, na mje na jina moja. Nilisema vile nikijiona mjanja.

Nilifungua skrubu, nikachungulia, nikashtuka.

"Nani ameing'ata hii betri?"

Bi Mize aligeuka taratibu. Bwana Ngwali alitazama dari.

"Redio ya marehemu baba ilidumu miaka kumi kwa betri zile zile," alisema. "Tulikuwa tunazianika juani, tunazing'ata kidogo, zinarudi."

"Zile ni betri za redio, bwana. Hii ni kama kifungo."

"Ndiyo maana nikaing'ata kidogo."

"Mtume!" Bi Mize aliweka mkono kifuani. "Fundi, muulize na kuianika aliianika?"

"Dakika kumi tu," alisema Ngwali. "Juu ya bati."

"Tufaha wangu kaanikwa juu ya bati!"

"Sajenti. Na yeye mwenyewe hakuanikwa, ni betri." Kisha akanigeukia mimi, uso umemwiva. "Sasa muulize na yeye, Fundi. Muulize nani amezima sauti. Jumatatu nimempokea pale tunduni, ana njaa ya nusu siku, mavi matatu pembeni yake, mdomo unafunguka na kufungika. Kimya! Analia na hakuna sauti!"

"Namtunzia betri! Akilia ndipo anapokwisha, Fundi mwenyewe kasema!"

"Asipolia nitajuaje kama anaumwa?"

Bi Mize alifungua mdomo, akaufunga. Ngwali naye alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe, na yakamkaa vibaya. Nje kuku alipita akatuangalia, akaendelea na safari yake.

Baadaye kidogo, Ngwali alipotoka kutema mate, Bi Mize aliinama karibu na meza. "Fundi, sikiliza. Huyu akiondoka, mimi na yule bwana hatuna la kusema tena. Nitaliziba lile tundu. Matofali ninayo." Macho yake yalikuwa yamejaa maji na alinikazia kana kwamba ni mimi nimemchokoza. Kisha yeye akatoka kunawa uso, akaingia Ngwali, akainama pale pale. "Ameweka matofali mawili chini ya tundu, Fundi. Nimeyaona kwa macho yangu. Usiniangushe." Betri nimebadilisha maelfu, lakini ndoa sikuwahi kuishika kwa koleo.

"Chagueni jina," nikasema walipokuwa wote ndani.

"Tufaha," akasema Mize.

"Sajenti," akasema Ngwali.

"Basi tafuteni la tatu."

"Tukiita jina jipya atakuja mtu mpya," wakasema, wote wawili, neno kwa neno, na wakakasirika kwa kuwa wamesema pamoja.

Kwenye kioo yale macho mawili yalipepesa. Sikuwa na nafasi ya kubembeleza. Nikaweka betri mpya kwenye ncha ya koleo, nikaingiza bisibisi chini ya ile ya zamani. "Ikitoka, semeni jina. Lolote. Ila liwe moja."

Ikatoka.

Pumzi ya kwanza. "Tufaha!" aliita Ngwali, kwa sauti yake yote. "Sajenti!" aliita Mize, kwa sauti yake yote.

Pumzi ya pili. Walitazamana. Sijawahi kuona watu wawili wakitazamana hivyo. Kila mmoja alikuwa amekuja na nia ya kumwachia mwenzake, labda tangu nyumbani, labda ameifanyia mazoezi njiani, yeye hatua ishirini mbele na yule hatua ishirini nyuma, na sasa majina bado ni mawili.

Pumzi ya tatu. "Sajenti!" Ngwali akajirekebisha upesi. "Tufaha!" Mize akajirekebisha upesi.

Pumzi ya nne. Nilicheka. Hili ni kosa langu na sitalisukuma kwa mtu. Kicheko kilinitoka tumboni, mkono ukacheza, na betri mpya ikaruka kutoka kwenye koleo, ikagonga meza, ikaanguka sakafuni na kwenda zake.

Pumzi ya tano. Inabingirika. Naisikia lakini siioni. Hiki ndicho kile kipindi cha katikati ambacho nimekiuliza miaka yote, na safari hii siko nje yake nikichungulia, nimo. Chumba kimekuwa kirefu. Meza iko mbali. Kifaranga hayuko kwenye kioo, hayuko nje ya kioo, ana miaka tisini na tisa na hana hata dakika moja. Na mimi? Bisibisi imeniponyoka. Bila bisibisi mimi ni nani hapa? Mzee, au mama mwenye kitambaa? Anayeniita Fundi ananiita kwa sababu ya kazi, na kazi imebingirika chini ya kitu. Nani ameshika jina langu mimi? Sauti zao zinanijia kutoka mbali, Tufaha Sajenti Sajenti Tufaha, zimechanganyika mpaka zimekuwa neno moja refu lisilo na maana, na ajabu ni kwamba neno lile ni zuri. Ningependa kuitwa hivyo. Ningependa mtu mmoja tu aniite hata kwa kukosea.

Pumzi ya sita. Wote watatu tuko chini, tumepiga magoti, tunapapasa.

Pumzi ya saba. "Iko wapi, Fundi?" "Sogeza mguu." "Huo ni mguu wako wewe!"

Ya nane.

Ya tisa. "Tufaha, Tufaha, Tufaha," anasema Ngwali kwa sauti ya chini, shavu kwenye sakafu, mkono chini ya mtungi wa maji. "Sajenti," anasema Mize huku kamshikia tochi yangu. "Sajenti wetu, subiri kidogo baba."

Ya kumi na moja. Ngwali akaipata.

Niliitia ndani. Kioo kikawaka, cheusi na safi kama siku ya kwanza. Hakukuwa na kifaranga. Kulikuwa na namba zinazowaka na kuzima, zikitaka kuambiwa ni saa ngapi, na chini yake yai dogo la vitone, ndani ya yai la plastiki.

Nilitaka ardhi inimeze. Nililiweka mezani, nikarudisha mikono yangu nyuma ili isiguse kitu kingine. Bi Mize alikaa kwenye kiti cha wateja. Ngwali alibaki amesimama na vumbi la sakafu shavuni. Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lilikuwa gumu zaidi kulivumilia.

"Linataka saa," alisema Mize mwishowe, bila kumtazama mtu.

Ngwali alitazama jua mlangoni. "Nne na robo." Akabonyeza. Yai dogo likaanza kutikisika kushoto na kulia. Likishawekewa saa huchukua dakika tano kuanguliwa, na katika dakika hizo halina njaa, halina uchafu, halitaki lolote kwa mtu yeyote.

Nadhani hawakuwahi kukutana na hali hiyo. Kwa miaka mitatu kila neno lao lilipita kwenye tumbo la kifaranga, na sasa kifaranga hakuwa na tumbo. Dakika ya kwanza Mize alikunja na kukunjua pindo la kanga. Ngwali alikohoa. Alishika ukingo wa meza yangu, akaukagua kwa kidole, akaniambia mguu mmoja umelegea. Nikasema ndiyo, umelegea. Tukaishia hapo.

Dakika ya pili akasema, "Ule mkeka."

Hakunitazama mimi. Bi Mize alikaza mgongo.

"Usiniambie tena ni mkeka tu."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema! Nimerudi kutoka matangani kwa dada yangu, siku arobaini sipo, nakuta mkeka wangu umetandikiwa wageni wako wa karata. Ukili nimeusuka miaka miwili kwa mkono wangu. Umetobolewa na kaa la sigara, Ngwali, na wewe ukaniambia ni mkeka tu."

Alikuwa amemwita jina lake. Nadhani yeye mwenyewe hakutambua.

"Nilisema," alijibu Ngwali. "Nilisema kwa sababu nilikuwa nimeogopa. Uliposimama pale mlangoni na mizigo, nilikuwa nimekungoja siku arobaini, na kitu cha kwanza ulichokiona ni lile tundu la moto. Nikataka liwe dogo." Akajifuta shavu, vumbi likasambaa zaidi. "Haukuwa mkeka tu, Mize. Ulikuwa umeniambia tutaulalia sisi."

Bi Mize alilia, na hakulia kwa kujizuia. Alilia kwa sauti, pale kwenye kiti cha wateja, na Ngwali alivuka chumba chote kwa hatua tatu, akachutama mbele yake asijue mikono aiweke wapi. Mimi niligeuka ukutani nikapanga upya skrubu ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nilifurahi mpaka vidole vikafa ganzi.

"Una vumbi usoni," nilimsikia Mize akisema.

"Najua."

"Hujui. Umelipaka mpaka sikioni. Njoo hapa." Kisha, baada ya kitambo: "Na umekonda. Unakula nini huko jikoni kwako?"

"Jiko ninalo. Maji sina."

"Mjinga wewe."

"Ndiyo."

"Ule ukuta unaubomoa leo, kabla watu hawajaamka wakatukusanyikia."

"Nianze na patasi au nyundo?"

"Mimi ndiye seremala?"

Wakatoka hivyo hivyo wakibishana, yeye akisema ukuta mtu huanza kuubomolea juu, yule akisema chini, na wakati wanavuka kizingiti Ngwali alisema, "Twende," na Mize akasema, "Si ndiyo naenda." Nikabaki nimetabasamu peke yangu. Sijui nilitabasamu muda gani. Muda kwangu ni kitu kisichoaminika.

Nyuma yangu mezani likasikika pii.

Niligeuka. Yai dogo lilikuwa limepasuka, na katikati ya kioo palikuwa na kichanga, duara tupu lenye macho mawili, kinaruka juu na chini, maana siku yake ya kwanza kichanga hakilali. Hawakulichukua yai. Walilia kwa ajili yake, walipiga magoti kwa ajili yake, wakashikana mikono na kuliacha juu ya meza pamoja na skrubu zake mbili.

Nililinyakua nikakimbia mpaka mlangoni. Walikuwa hawajafika mbali. Barabara nzima ilikuwa yao na ya kuku, na jua la saa nne na nusu lilikuwa limewapiga mgongoni. Safari hii hawakuachana hatua ishirini. Ningewaita wangesikia. Nilivuta pumzi ya kuita, nikaishikilia, halafu nikaiachia polepole bila kuweka jina ndani yake.

Pii pii pii.

Nilirudi ndani nikakaa. Nikabonyeza kitufe cha kwanza. Akakataa chakula, akageuza uso. Nikabonyeza cha pili. Hapakuwa na uchafu wa kusafisha. Cha tatu, hakutaka kucheza. Nikatazama kipimo cha shibe, kimejaa. Kipimo cha furaha, kimejaa. Hakuumwa. Nikakumbuka mchoro wa mwisho wa ile karatasi, ambao hakuna mtu katika mji huu aliyewahi kuufuata: kichanga hulia wakati mwingine bila sababu yoyote, na inakupasa umkemee ili azoee kunyamaza, betri idumu.

Akalia tena. Betri ilikuwa mpya, ya siku mia moja hivi, na kila pii ilikuwa inaimega. Sikumkemea. Nilimweka kwenye kiganja, nikamsogeza karibu na uso wangu, akanitazama kwa vile vitone vyake viwili.

"Nipo," nikamwambia.